Mkutano wa kijiji kwa simu: nani asikike, nani ahesabiwe

Barua tulizochagua safari hii zimetoka pande mbalimbali za Ziwa Viktoria, na zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu asiyeweza kufika kwenye mkutano wa hadhara wa serikali yake ashiriki vipi kwa njia ya mtandao au simu, na ushiriki huo una uzito gani. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Ndugu wahariri, mimi ni mtendaji wa kijiji. Kila mkutano mkuu wa robo mwaka, vijana wengi wako kambini kwenye dagaa, na wakazi wengine wamevuka kwenda Mwanza kwa matibabu au biashara. Sasa wanadai waunganishwe kwa simu, wasikilize na wapige kura. Nikiwaruhusu, kura zao zitasimama?
*Mtendaji, Ukerewe*

Ndugu mtendaji, wanaodai hivyo wanadai mambo matatu kwa mpigo, na kila moja lina jibu lake. La kwanza ni kusikiliza, la pili ni kuchangia, la tatu ni kuhesabiwa kwenye akidi, yaani idadi ya chini ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, na kwenye kura. Mawili ya mwanzo unaweza kuyaanza mkutano ujao. La tatu liache mpaka uwe na karatasi mkononi inayoliruhusu.

Kusikiliza hakumnyang'anyi mtu kitu. Mkutano mkuu ni wa wazi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na taarifa ya mapato na matumizi ni haki yake aisikie akiwa chini ya mwembe au akiwa hospitali ya Bugando anamuuguza mama yake. Kuchangia nako hakuna tatizo kubwa, mradi mwenyekiti aruhusu na hoja ya aliye mbali ichukuliwe kama barua iliyosomwa mbele ya mkutano: waliopo wameisikia, wataijadili, nao ndio watakaoamua.

Kwenye kura ndipo pagumu. Sheria zilizoandikwa kabla ya simu za mkononi hutumia maneno "kuhudhuria" na "mahali pa mkutano", na anayetaka kupinga uamuzi wenu atayashika maneno hayo hayo. Uingereza yaliwapata hayo. Wakati wa korona walitunga kanuni za muda zilizoruhusu mabaraza ya miji na vijiji kukutana kwa video kuanzia Aprili 2020, zikafikia kikomo mapema Mei 2021. Mabaraza yakaenda Mahakama Kuu kuomba yaendelee, wakidai sheria yao ya mwaka 1972 haiwakatazi. Tarehe 28 Aprili 2021 mahakama ikasema hapana: mkutano katika sheria hiyo ni watu kukutana mahali pamoja, ana kwa ana, na anayetaka kubadili hilo aende bungeni. Wales wao walikwishatunga sheria yao mwaka huo huo wa 2021 ikaruhusu kwa kudumu, kwa hiyo mabaraza yao hayakupata taabu. Hata Mahakama ya Tanzania ilitungiwa kanuni zake za kusikiliza mashauri kwa mbali mwaka 2021, pamoja na kwamba vyombo vya video walikuwa navyo.

Kijijini hatari kubwa iko kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji, na mgogoro wa ardhi ukifika barazani au mahakamani miaka mingi baadaye, kitu cha kwanza kuombwa ni muhtasari na orodha ya mahudhurio. Ukiwa na majina 45 yenye sahihi na mengine 60 yaliyoandikwa "kwa simu" bila sahihi, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo, na huenda asihitaji kwenda mbali zaidi. Kwa hiyo ardhi, michango ya lazima, sheria ndogo na kumkataa kiongozi ni mambo ya kupigiwa kura na waliopo ukumbini tu.

Orodha ya mahudhurio iwe na sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mstari: "Waliohudhuria" wenye sahihi, na "Waliofuatilia kwa simu" wenye jina, kitongoji na saa walipounganishwa. Katika muhtasari andika hivi: "Mwenyekiti aliruhusu wakazi 12 waliokuwa nje ya kijiji kufuatilia na kuchangia kwa simu. Hawakuhesabiwa katika akidi wala katika kura." Sentensi mbili hizo zitakuokoa siku ambayo wewe umehamishiwa kituo kingine. Kisha mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa mwanasheria wa halmashauri, ukiuliza kama hatua ya tatu inaweza kuwekewa utaratibu. Uliza kwa maandishi ili ujibiwe kwa maandishi. Ruhusa ya kuambiwa kwenye korido haiwezi kuingizwa kwenye jalada.

Na kabla hujanunua bando, angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti vizuri, mitumbwi inapandishwa mwaloni na vijana wanarudi nyumbani. Sheria inataka mkutano mkuu angalau kila miezi mitatu, na ndani ya miezi mitatu mna mbalamwezi tatu za kuchagua. Tarehe ikipangwa vizuri, wanaohitaji simu watapungua sana, na hakuna mtandao unaoshinda hilo.

Nitajuaje kwamba anayeongea ni mkazi wetu na si mtu wa kijiji jirani mwenye lake?
*Mwenyekiti wa kijiji, Buchosa*

Mwachie mwenyekiti wa kitongoji. Anayetaka kuunganishwa ajiandikishe kwake angalau siku mbili kabla ya mkutano, akitumia namba ile ile atakayopigia. Mwenyekiti wa kitongoji alinganishe na daftari la wakazi, aandike jina na namba, amkabidhi mtendaji. Siku ya mkutano namba isiyo kwenye orodha haipokelewi. Mwenye namba akianza kuongea, mwenyekiti wake wa kitongoji aliyekaa ukumbini athibitishe sauti kwa neno moja: "Namtambua." Linaandikwa kwenye muhtasari.

Kuomba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mbele ya ukumbi mzima ni kosa. Huhitaji namba hiyo kumtambua mtu mliyekua naye, na ukiikusanya una wajibu wa kuitunza.

Habari za kazi. Ofisi yetu ya mtaa ina laptop moja, na siku ya mkutano tunakodi miksa, spika mbili na maiki mbili. Tulipojaribu kuunganisha watu kwa video, spika zilipiga mbinja, walioko mbali wakalalamika wanasikia sauti zao wenyewe zikirudi, na sisi tukawa tunawasikia kama wako ndani ya pipa. Tufanyeje bila kununua vitu vya gharama?
*Mwenyekiti wa mtaa, Nyamagana*

Hayo ni matatizo matatu tofauti, ingawa huwa yanakuja pamoja.

Mbinja hutokea sauti ya spika inapoingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Dawa ni mpangilio. Spika zikae mbele ya maiki, zikitazama watu, na anayeongea asimame nyuma ya mstari wa spika. Maiki iwe ya kushika mkononi, karibu na mdomo, sentimita 5 hadi 10. Mzungumzaji akiiweka kifuani fundi atapandisha sauti ili asikike, na mbinja itarudi. Maiki zisizotumika zishushwe kabisa kwenye miksa. Mkutano ukiwa nje, ufukweni, vesheni maiki sponji. Upepo wa ziwa ukiigusa maiki tupu, aliye mbali husikia ngurumo tu.

Sauti kurudi kwa aliyeongea ndilo tatizo ambalo mafundi wengi wa spika za harusi hawajawahi kukutana nalo, maana harusini hakuna mtu wa mbali. Sauti ya mtu wa mbali inatoka kwenye laptop, inaingia miksa, inakwenda kwenye spika. Hapo ni sawa. Shida ni kwamba laptop nayo inapokea sauti yote ya miksa ili ipeleke kwa walioko mbali, na ndani ya sauti hiyo imo sauti ya huyo huyo mtu. Anajisikia baada ya nusu sekunde na anashindwa kuongea. Tazameni miksa: mara nyingi kila chaneli ina kitufe kilichoandikwa AUX. Waya unaokwenda kwenye laptop uchomoeni kutoka tundu kuu na kuchomeka kwenye AUX SEND. Kisha pandisheni AUX kwenye chaneli za maiki, na kwenye chaneli ya laptop mkiweke sifuri. Spika za ukumbini zitaendelea kumtoa mtu wa mbali, ila sauti yake haitarudishwa kwake. Vilevile simu yoyote iliyojiunga na mkutano huo humo ukumbini izimwe maiki na spika pia. Moja tu ikisahaulika mfukoni, mwangwi unaanza upya.

Hiyo sauti ya pipa mara nyingi inatoka kwenye waya. Laptop nyingi siku hizi zina tundu moja la headphone na maiki kwa pamoja, na waya wa kawaida wa muziki ukichomekwa hapo hupeleka sauti upande mmoja tu, kwa hiyo laptop inaendelea kusikiliza kupitia maiki yake ndogo iliyo mezani. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye matundu mawili, moja la kuingiza na moja la kutoa, kisha kwenye mipangilio ya programu mchague hiyo kadi kuwa maiki na kuwa spika. Sauti ya miksa ni kubwa kuliko tundu la maiki linavyotarajia, kwa hiyo anzeni AUX ikiwa chini kabisa, pandisheni taratibu, na mkisikia inakwaruza rudini nyuma. Kukiwa na mvumo mzito usiokoma, chomoeni chaja ya laptop kwa dakika moja: mvumo ukikoma, chanzo ni umeme wa chaja, na laptop iendeshwe kwa betri wakati wa mkutano.

Kuna jambo moja la Mwanza ambalo hakuna kifaa kinachoshinda nalo, nalo ni mvua kwenye paa la bati lisilo na dari. Miezi ya masika na ya vuli, pangeni asubuhi, na mvua ikianza mwenyekiti asitishe mazungumzo mpaka ipungue. Kuendelea huku walioko mbali wakisikia bati tupu ni kuwatoa mkutanoni bila kuwaambia.

Jaribio lifanyike siku moja kabla, vifaa vile vile na fundi yule yule, mtu mmoja akiwa nje kabisa na simu yake. Dakika 30 zinatosha.

Tunahitaji bando kiasi gani, na umeme ukikatika tutafanyaje?
*Afisa mtendaji wa kata, Sengerema*

Video ya mkutano wa watu wengi hula takriban GB 1 kwa saa kwa kifaa, na zaidi picha ikiwa kali. Sauti peke yake ni MB 30 hadi 60 kwa saa. Kwa mkutano wa saa tatu, ofisi iwe na GB 5 kwa laptop ya ukumbini, na mshiriki anayetumia sauti peke yake atatumia chini ya MB 200. Waambieni hivyo kwenye tangazo, kwa sababu watu wengi hawajiungi wakidhani bando la wiki litakwisha kwa mkutano mmoja. Kasi ya kupandisha ndiyo muhimu ukumbini, si ya kushusha. Ikishuka chini ya Mbps 1 zimeni kamera mbakie na sauti. Picha ni mapambo. Sauti ndiyo mkutano.

Umeme tufanye hesabu. Televisheni ya inchi 43 wati 80, laptop 60, rauta 12, spika ndogo na amplifaya yake 50: jumla wati 202. Kwa saa tatu ni wati-saa 606. Inveta hupoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri itatoa karibu 713. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi na tindikali haifai kushushwa zaidi ya nusu, maana yake mnazo 600 tu. Hazitoshi. Ama mwe na betri mbili, ama mwondoe televisheni: bila hiyo mnashuka hadi wati 122, na betri moja inawafikisha mwisho wa mkutano. Projekta ya wati 250 badala ya televisheni itazidi hata betri mbili. Tunashangaa ofisi zinazokimbilia projekta kwanza. Wakazi waliokaa ukumbini wanataka kumsikia aliye mbali, na kumwona ukutani hakuongezi kitu kwenye hoja yake.

Muhimu zaidi ya betri ni kukubaliana mapema mawasiliano yakikatika nini kitafuata, na mwenyekiti alisome hilo mwanzoni. Utaratibu unaofaa ni huu: yakikatika kwa upande wa ofisi, mkutano unasimama hadi dakika 15 kusubiri. Yasiporudi, mkutano unaendelea na waliopo, kwa sababu hawakuitwa kuja kuangalia rauta. Yakikatika kwa upande wa mshiriki mmoja, mkutano hausimami. Saa ya kukatika na ya kurudi ziandikwe kwenye muhtasari. Hili litabadilika kabisa siku ambayo sheria itawaruhusu walioko mbali kuhesabiwa kwenye akidi: hapo kila anayekatika anapunguza akidi, na mtendaji atalazimika kuhesabu upya kila mara kabla ya kura.

Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nina simu ya kitochi tu. Haya mambo ya mtandao ni ya wenye simu janja. Sisi tutashiriki vipi?
*Mama mfanyabiashara, Ilemela*

Mama, kitochi kinatosha, na mara nyingine sauti yake ni safi kuliko ya mtandao. Waombe ofisi ya mtaa iwe na simu moja ya mkutano, iliyounganishwa kwenye miksa kwa waya wa tundu la headphone au kwa Bluetooth. Simu hiyo itumie huduma ya kuunganisha simu nyingi kwa pamoja, ambayo hata vitochi vingi vinayo: unampigia wa kwanza, unamweka pembeni, unampigia wa pili, unawaunganisha. Mara nyingi mwisho ni watu watano au sita kwa wakati mmoja, kwa hiyo haifai kwa kusikiliza mkutano mzima; inafaa kwa zamu ya kuchangia. Ofisi ndiyo ipige, isisubiri kupigiwa. Mkazi akipiga yeye, vocha inamwishia akisubiri zamu yake.

Utaratibu mzuri ni kutenga kipindi. Tuseme mkutano unaanza saa 4 asubuhi, tangazo liseme "saa 5:30 hadi 6:00 tutapokea hoja za walioko nje kwa simu." Wewe unaendelea kupanga mzigo wako, saa hiyo simu inalia, unasema hoja yako kwa dakika mbili, unasikia jibu, unakata. Asiyeweza hata hivyo atume meseji kabla. Mtendaji aisome kama ilivyo, bila kuikarabati.

Kusikiliza mkutano wote kwa kitochi, njia nafuu ni redio. Sengerema wana redio yao ya jamii na Mwanza mjini zipo kadhaa. Halmashauri inaweza kukubaliana nazo kurusha mubashara baraza la madiwani au mjadala wa bajeti, hata kama si kila mkutano.

Kwa kero isiyosubiri mkutano, Serikali ina mfumo wa e-Mrejesho unaopatikana kwa *152*00# bila intaneti. Huo hauchukui nafasi ya mkutano, kwani malalamiko yako huyasomi mbele ya majirani zako, ila unabakiza kumbukumbu.

Ndugu wahariri, baraza letu la madiwani linafikiria kumruhusu diwani aliye safarini ashiriki kwa video. Wapo wanaosema ni kuleta uvivu. Mimi naona ni sawa, lakini naogopa vurugu. Tuzingatie nini?
*Diwani, Mkoa wa Mwanza*

Mheshimiwa, hoja ya uvivu si ya kupuuzwa. Diwani aliye mbali haonwi na mwananchi anayetaka kumsimamisha mlangoni, na nusu ya kazi ya baraza hufanyika pale mlangoni. Ndiyo maana sehemu nyingi zilizoruhusu zimeweka kikomo na sababu maalumu, kama ugonjwa au safari ya kikazi. Yote yaanzie kwenye Kanuni za Kudumu za halmashauri yenu. Azimio la siku moja halitoshi.

Katika jimbo la California, Marekani, ambako sheria ya mikutano ya wazi ni ya mwaka 1953, masharti ya kawaida ya mjumbe kushiriki kwa mbali ni makali kiasi cha kushangaza. Anwani ya mahali alipo inabandikwa kwenye ajenda, mahali hapo panakuwa wazi kwa mwananchi kuingia, akidi inapatikana kwa wajumbe walio ndani ya eneo la mamlaka yao, na kura zote zinapigwa kwa kuita majina. Hilo la mwisho lichukueni kama lilivyo. "Wanaoafiki waseme ndiyo" haifanyi kazi kwa video: sauti zinapishana, mmoja anachelewa, mwingine maiki imezimwa. Katibu aite jina, diwani awashe kamera na maiki, aseme "ndiyo", "hapana" au "sijapiga", katibu arudie alichosikia, ndipo aandike. Madiwani 25 wanamalizika ndani ya dakika nne au tano. Kura ya siri isipigwe kwa njia hii kabisa. Uchaguzi wa Naibu Meya au makamu mwenyekiti usubiri watu wawe ukumbini.

Mwenye maslahi kwenye hoja anapaswa kutoka. Ukumbini mnamwona akitoka. Kwenye video ahamishiwe kwenye chumba cha kusubiri cha programu, asizime kamera tu, kwa sababu aliyezima kamera bado anasikia. Kikao cha faragha kina tatizo la ziada: hamjui nani amekaa nyuma ya simu ya diwani. Mambo ya nidhamu za watumishi na zabuni yajadiliwe na waliopo.

Sasa hilo la vurugu. Kabla ya yote, kanuni iseme nani anashika vitufe na kwa amri ya nani. Desemba 2020, katika baraza dogo la Handforth huko Uingereza, mwendesha mkutano wa Zoom alimtoa mwenyekiti nje ya mkutano kwa kubonyeza kitufe, wengine wakapiga kelele kwamba hana mamlaka hayo, na ubishi wao ukatazamwa na mamilioni Februari iliyofuata. Watu walicheka. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki: anayeshika kompyuta ndiye anayeamua nani asikike, na mara nyingi ni kijana wa TEHAMA ambaye hakuchaguliwa na mtu. Kanuni iseme anazima maiki au kumtoa mtu kwa amri ya mwenyekiti iliyotamkwa kwa sauti, na kila tukio linaandikwa. Linki ya wananchi iwe ya kutazama tu, tofauti na ya madiwani. Mkiweka moja kwa wote na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, siku hiyo hiyo ataingia mtu na kurusha picha za aibu.

Kwetu Kisumu kaunti hutuita kwenye vikao vya kushirikisha umma, mara nyingi mahali pa mbali, tena siku za kazi. Je, sheria yetu inalazimisha njia ya mtandao?
*Msomaji, Kisumu*

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inaitaja mifumo ya teknolojia ya habari na mawasiliano miongoni mwa njia ambazo kaunti itawezesha wananchi kushiriki, sambamba na mikutano ya hadhara. Katiba ya 2010, ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na kuushirikisha umma. Una msingi wa kudai, basi. Ila usitegemee video pekee: tuma pia maoni yako kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa, na uombe uthibitisho kwamba yamepokelewa. Maandishi yaliyopokelewa ni vigumu kuyasahau kuliko sauti iliyokatikakatika.

Tukirekodi mkutano na kuuweka mtandaoni, tunavunja sheria?
*Mtendaji wa mtaa, Ilemela*

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ofisi ya umma haiko nje yake. Tangazeni mwanzoni kwamba mnarekodi, kwa sababu gani, na rekodi itakaa wapi. Kamera ielekezwe meza kuu na kipaza sauti, si nyuso za watu waliokaa.

Yapo mambo ambayo hata kama yanajadiliwa hadharani hayafai kurushwa. Mfano ulio wazi ni uhakiki wa kaya za kuingizwa kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambapo majina ya kaya maskini husomwa mbele ya jamii. Kusomwa mbele ya majirani wanaozijua kaya hizo ndiyo njia ya kuzuia upendeleo. Kuyaweka majina hayo YouTube, ambako mjukuu wa mtu atayakuta baada ya miaka kumi, ni jambo jingine kabisa. Kateni matangazo ajenda hiyo ikifika, na mwenyekiti aseme wazi kwamba yamekatwa na yatarudi saa ngapi. Vivyo hivyo migogoro ya ndoa, magonjwa na mambo ya watoto.

Rekodi isigeuzwe mbadala wa muhtasari. Muhtasari wenye sahihi za mwenyekiti na mtendaji ndio kumbukumbu rasmi. Rekodi inasaidia kuuandika na kusuluhisha ubishi. Itunzeni angalau mpaka muhtasari uthibitishwe kwenye mkutano unaofuata, kwenye kifaa cha ofisi. Ikikaa kwenye simu ya mtendaji, akihamishwa inaondoka naye.

Wazee wetu wengi wanaongea Kikerewe na Kijita, Kiswahili cha simu kinawapiga chenga. Na kuna kijana kiziwi anayependa sana mikutano.
*Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Ukerewe*

Kwa wazee, mkalimani akae ukumbini, na kila hoja itakayotoka kwa simu airudie kwa sauti kwenye maiki, kwa lugha zote mbili. Hilo litawasaidia na wengine, maana sauti ya simu kwenye spika kubwa hupoteza herufi. Mwenyekiti ahesabu sekunde tano kimya baada ya kuuliza "kuna mwenye swali?" kabla ya kufunga hoja, kwa sababu sauti ya mbali inachelewa kufika, na mzee anachelewa kubonyeza.

Kwa kijana, mkalimani wa lugha ya alama aonekane kwenye video wakati wote, mwanga ukiwa mbele yake na si dirisha nyuma, na ndiyo sababu pekee itakayofanya tuwaambie msizime kamera hata mtandao ukiwa dhaifu. Asipopatikana mkalimani, mtu mmoja aandike hoja kuu kwenye WhatsApp papo hapo kadiri zinavyotolewa, na zamu ya kijana ikifika mtendaji asome alichoandika.